Mfupa wa Kidari Unakula Nini

Baba mdogo alirudi kutoka Ulaya na vitu viwili ambavyo hakuondoka navyo: koti zito la sufu, na kovu lililoanzia chini ya koo likashuka hadi juu kidogo ya tumbo. Koti tulilitia sandukuni pamoja na vidonge vya kuzuia nondo. Kovu likawa kazi yangu.

Mimi ni fundi cherehani. Nilimaliza darasa la saba, sikuchaguliwa kuendelea, na tangu hapo nimejifundisha mwenyewe kila ninachokijua, pamoja na Kiingereza, ambacho nakisoma vizuri lakini nikikitamka watu hucheka. Baba mdogo ndiye aliyenilea baada ya baba yangu mzazi kufariki. Alikuwa mkaguzi wa shule. Mkewe alikwisha kutangulia mbele ya haki, watoto wake wa kuwazaa walikuwa mbali kikazi, na katika nyumba yetu ya Kongowe, hapa Kibaha, tulibaki sisi wawili. Hivyo aliposhushwa kwenye gari akitembea kama mtu aliyebeba trei ya mayai, hakuna aliyeuliza nani atamhudumia.

Niseme mapema kwamba mimi ni mtu wa wasiwasi. Gauni likiwa na mshono uliopinda kwa upana wa uzi, nalifumua, hata kama mwenye gauni amesimama mlangoni na harusi imeshaanza. Wateja huisifu kazi yangu na kuilaani siku moja hiyohiyo. Mtu wa namna hii akikabidhiwa kifua cha mtu kilichopasuliwa katikati, hawezi kulala vizuri. Mimi sikulala vizuri.

Alichofanyiwa nitakieleza kama nilivyokielewa. Moyo unasukuma damu ya mwili mzima, lakini wenyewe nao una mishipa yake midogo ya kuulisha. Ya baba mdogo ilikuwa imeziba. Akipanda mwinuko wa kutoka barabarani hadi nyumbani ilimbidi asimame, ashike kifua, ajifanye anaangalia mihogo ya watu. Mara nyingi, wakitaka kuiruka sehemu iliyoziba, madaktari huchukua mshipa wa mguuni na kuushona moyoni kama njia ya kando. Lakini mishipa ya miguu yake ilikuwa imevimba na kujinyonganyonga, haikufaa kitu. Huko Ulaya wakaamua kuchukua mishipa ya kifuani.

Hii mimi sikujua kama ipo. Aliyenieleza ni daktari wa Dar es Salaam aliyekuwa akimwona kila baada ya muda. Nilikuwa nimemwuliza maswali mpaka akaweka kalamu chini.

"Binti, wewe ni muuguzi?"

"Hapana. Nashona nguo."

"Mbona unauliza kama unataka kunifanyia mtihani?"

Nikaona aibu, lakini sikuacha. Akafungua kifungo cha juu cha koti lake, akaweka vidole viwili kwenye kifua chake mwenyewe, kimoja kila upande wa mfupa wa kidari, ule mfupa bapa wa katikati ambao mbavu zinaushika. Alisema nyuma ya pale, kwa ndani, kila upande, umelala mshipa mmoja wa damu safi, unashuka sambamba na mfupa mpaka chini. Njiani unatoa vijitawi. Vingine vinakwenda kwenye nyama za mbavu, vingine kwenye titi, na vingine vinaingia kwenye mfupa wenyewe kuulisha. Mpasuaji huubandua mshipa huo kutoka kwenye ukuta wa kifua, anavikata na kuvifunga vile vijitawi kimoja kimoja, halafu ncha ya chini anaigeuza na kuishona moyoni. Ncha ya juu inabaki ilipozaliwa. Damu iliyokuwa ikishuka kuulisha mfupa sasa inaulisha moyo.

"Na mfupa?" nikauliza.

"Mfupa unabaki na vimishipa vidogo vinavyotokea mgongoni na kupita katikati ya mbavu. Ukichukua mshipa wa upande mmoja, nusu ya mfupa inaona njaa. Huyu kachukuliwa pande zote mbili. Halafu mfupa wenyewe umepasuliwa kwa msumeno toka juu hadi chini na kufungwa kwa waya. Unatakiwa uunge, na kinachouunga ni damu. Halafu mzee ana kisukari."

"Kwa nini waliichukua yote?"

"Kwa sababu mfupa ukiwa na njaa unaweza kungoja. Moyo haungoji." Akafunga kifungo chake. "Vile vimishipa vya mbavuni vitakua, vitachukua kazi. Lakini vinataka muda. Ndani ya muda huo asinyanyue kitu, asivutwe mikono, asisukumwe kifua. Ukisikia mfupa unalia, au ukaona majimaji kwenye kovu, mlete. Mfupa usipounga itabidi tumfungue tena, na kumfungua mtu wa hivi mara ya pili sitaki hata kufikiria."

Hapo ndipo nilipojua kinachongojewa nyumbani kwetu. Moyo ulikuwa umekwisha kupona. Kilichobaki ni kama mfupa utaunga kabla haujaoza.

Niliazima kitabu cha mwili wa binadamu kwenye maktaba ya hapa Kibaha, nikakisoma kwa kamusi. Picha ilikuwapo, mishipa imepakwa rangi nyekundu, lakini picha haikuniridhisha. Ndugu walipochinja mbuzi wa sadaka ya kushukuru kwa baba mdogo kurudi salama, nikaona hapo ndipo pa kuuona mshipa wenyewe. Kwetu kidari cha mbuzi wa sadaka hakikatwi vipande. Hupikwa kizima na kupelekewa mwenye shughuli, naye humega kwanza ndipo wengine wale. Nikamwomba binamu yangu aliyekuwa akichuna anipe kidari kabla hakijatiwa chunguni. Nikakigeuza upande wa ndani, nikaanza kuibandua ile ngozi laini kwa ncha ya mkasi wangu wa kazi.

"Unatafuta nini humo?" binamu akauliza. "Umedondosha pete?"

"Natafuta mshipa."

"Jamani, njooni mwone! Fundi anamshonea mbuzi gauni."

Wakacheka, nami nikaendelea. Ulikuwapo. Mwembamba kama kamba ya kufungia gunia, umelala kando ya mfupa, na vijitawi vinatoka pembeni vyembamba kuliko uzi wa namba arobaini. Nilipouvuta taratibu, vilikatika kimoja baada ya kingine bila kutoa sauti yoyote. Mfupa ulibaki umelala pale kama ulivyo, rangi ileile. Ukiutazama tu huwezi kujua umepoteza kitu. Kidari kilipofika mbele ya baba mdogo kilikuwa kimechanikachanika, na shangazi mmoja wa mbali akauliza kwa sauti kubwa nani aliyemla mbuzi akiwa mbichi.

Baba mdogo yeye hakuwa na wasiwasi wowote. Kazi ya ukaguzi ilimzoesha kueleza mambo mbele ya watu, na sasa alikuwa na jambo ambalo hakuna mwingine Kibaha aliyekuwa nalo. Wageni walikuja kumjulia hali tangu asubuhi. Niliweka kiti changu kati yake na mlango, maana kwetu mgonjwa akitaka kuinuka, mgeni hamwachi ahangaike peke yake. Humshika mikono yote miwili akamvuta. Nilikuwa nikisema, "Msimvute, tafadhali, msimvute," kabla hata hawajamaliza kubisha hodi. Wengine walinuna. Mmoja alisema nimekuwa askari wa zamu.

Aliyekuja zaidi ni balozi wetu wa nyumba kumi, Mnyamwezi, mtani wake wa miaka mingi.

"Mzaramo wewe," alimwambia, "umekwenda mpaka Ulaya kupasuliwa kama nazi?"

"Nimekwenda kutaifisha," baba mdogo akajibu. "Mfupa ulikuwa unamiliki mishipa miwili peke yake. Bepari. Moyo unafanya kazi mchana na usiku, hauna hata mmoja mzima. Tumeichukua, tumeupa mfanyakazi."

"Na fidia?"

"Fidia ya nini? Ajitegemee."

Balozi alicheka mpaka akashika ukuta. Baba mdogo naye akataka kucheka, akakumbuka, akakumbatia mto kifuani kama alivyofundishwa, akacheka polepole.

"Mfupa haukuwa unaitumia peke yake," nikasema. "Mishipa ile ilikuwa inalisha na nyama za mbavu."

"Unamwona?" baba mdogo akamwambia balozi. "Katibu wangu huyu. Nikisema neno, ananisahihisha kwa wino mwekundu."

Akaisimulia hadithi ile kwa kila mgeni, na kila alipoisimulia ikawa fupi na tamu zaidi, mpaka ikabaki hivi: mfupa wangu wa kifua hauna damu, damu yake wamepewa wengine. Sikuipenda. Damu ilikuwapo, ila kidogo. Lakini nilichoka kusahihisha.

Ndipo akaja shangazi kutoka Kisarawe.

Shangazi ni dada mkubwa wa baba mdogo. Alimbeba mgongoni wakati mama yao yuko shamba, na hata sasa humwita "mtoto" mbele ya watu. Kwao Kisarawe anajulikana kwa kukanda wazazi. Mwanamke akijifungua, shangazi huitwa na sufuria lake. Huchemsha majani, huchovya kitambaa, humkanda mwenzake tumbo na viuno kwa maji ya moto na kiganja, kisha humfunga mkaja, kitambaa kirefu cha kubana tumbo. Amewakanda wanawake mpaka na mabinti waliozaliwa na wanawake hao. Alikuja na sufuria hilo kichwani. Mimi nilidhani ni la kupikia.

Alikaa, akamsikiliza mdogo wake hadithi ya kutaifisha. Hakucheka.

"Sasa huo mfupa," akauliza, "unakula nini?"

"Unaomba kwa jirani, dada."

"Jirani gani?"

"Kuna vimishipa vya mbavuni, shangazi," nikasema. "Vitakua vyenyewe."

"Lini?"

"Vinataka muda."

"Mfupa usio na damu ni baridi," shangazi alisema. "Na damu ukiiita kwa moto inakuja. Mzazi akitoka kujifungua, damu imetawanyika, tumbo baridi, unaliacha lijikalie lenyewe?"

"Daktari amesema asisukumwe kifua."

"Nani amesema kusukuma? Nimesema kukanda."

Baba mdogo akanikonyeza ninyamaze. Nikanyamaza. Nilidhani yamekwisha, kwa kuwa walianza kuzungumza habari za mikorosho na nani kauza shamba la nani.

Siku ya pili yake, Jumapili, nilipeleka sare za shule kwa mteja Misugusugu. Sikukaa sana, lakini niliporudi nilikuta mlango wa chumbani umerudishiwa na harufu ya mwarobaini imejaa nyumba nzima. Baba mdogo amelala chali mkekani, kifua wazi. Shangazi amepiga magoti kando yake, kanga imefungwa kibwebwe, kitambaa kinafuka mvuke. Alikuwa akikiweka upande wa kushoto wa mfupa, halafu anaegemea na kiganja, anavuta kuelekea katikati. Anafanya vizuri sana. Hilo nililiona, na nalisema kwa haki. Mikono yake haikuwa na papara.

"Shangazi, maji yana moto!"

"Hayana moto kwake," akasema bila kugeuka. "Mwulize."

"Sisikii kitu," baba mdogo akasema. "Upande huu ni kama ngozi ya mtu mwingine. Kulia nilisikia, nikamwambia apunguze. Kushoto, wala."

Nikasogea. Ngozi ya kushoto ilikuwa imeiva, inang'aa, na karibu na kovu imeanza kutuna. Shangazi naye akaona, nadhani wakati uleule na mimi, kwa sababu alikiinua kitambaa. Lakini kiganja kilikuwa bado kimeegemea, na alipokitoa kwa haraka mfupa ukalia. Ilikuwa sauti ndogo, kama kifundo cha kidole kinapovutwa. Tuliisikia sote watatu.

Shangazi akakitia kitambaa ndani ya sufuria, akajifuta mikono.

Nimejiahidi katika maandishi haya kusema ukweli, kwa hiyo nitasema kilichonijia kwanza. Hakikuwa hofu. Ilikuwa furaha, ndogo na kavu, ya mtu aliyeambiwa ana wasiwasi bure kisha akaonekana hakukosea. Ilikaa muda mfupi sana. Halafu ikaja hofu yenyewe, na hiyo haikuondoka upesi.

Nilitaka aende Dar es Salaam palepale. Lakini Jumapili mchana magari ya watu binafsi yalikuwa yamekatazwa kutembea ili kuokoa mafuta, na kumpandisha kwenye basi lililojaa, watu wakisukumana kwa viwiko, kusingekuwa na maana. Nikampaka dawa ya kuungua tuliyopewa zahanati, nikafunika kwa vipande vya kanga nilivyochemsha, kwa kuwa bandeji hazikupatikana hata kwa kuhonga. Sabuni ilikuwa imebaki kipande cha ukubwa wa korosho. Nilinawa nacho kabla ya kumgusa, nikanawa tena baada ya kumgusa, nikakificha.

Nilipotoka nje kumwaga maji, shangazi hakuwapo. Alikuwa amekwenda zake barabarani bila kuaga. Sufuria aliliacha.

Kesho yake balozi alitupatia nafasi kwenye gari la ushirika lililokuwa likipeleka mayai mjini. Tulikaa mbele na dereva. Baba mdogo alikumbatia mto njia nzima.

"Hii habari," aliniambia tulipokaribia mjini, "tutasema nilijikanda mwenyewe."

"Huwezi kujikanda hivyo mwenyewe. Daktari ataona."

"Basi tutasema maji yalimwagika."

"Baba mdogo, daktari lazima ajue ulisukumwa na nani, wapi, na namna gani."

"Ajue nini cha nani?" akasema. "Yule ni dada yangu. Alinibeba mgongoni. Sitaki aandikwe mahali popote."

Tuliingia kwa daktari bila kukubaliana. Nilisema kila kitu, kwa mpangilio, ila neno "shangazi" nikaliacha. Nikasema "mtu wa nyumbani". Daktari aliniangalia, kisha akamwangalia baba mdogo, na nadhani alidhani ni mimi. Sikumsahihisha. Inawezekana ndiyo mara ya pekee maishani mwangu niliyoacha kosa likapita.

Aliweka viganja vyake pande mbili za mfupa. "Kohoa." Baba mdogo akakohoa. "Tena." Akasikiliza kwa vidole. Akasema ngozi imeungua juujuu tu, itapona yenyewe. Haikusikia moto kwa sababu mshipa ulipobanduliwa, neva za pale ziliguswa, na ganzi ya namna hiyo huwapata wengi waliochukuliwa mshipa wa kushoto. Mfupa wenyewe juu umeshika. Chini, pembeni mwa waya wa mwisho, unacheza.

"Sasa?" nikauliza.

"Sasa kuna njia mbili. Nimfungue, nisafishe, nikaze waya. Nitakuwa nakaza waya kwenye mfupa uliokwisha kunyimwa chakula, na kila nikigusa pale nakata na vile vimishipa vichache vilivyoanza kuja. Au tungoje. Afungwe kifua kwa kitambaa kipana ili mbavu zisitawanyike akikohoa, sukari ishuke, kidonda kiwe kisafi. Ukitoka usaha, hakuna kungoja tena."

"Wewe ungefanya nini?"

"Ningengoja," akasema, "na ningeogopa."

Nilimpenda kwa jibu hilo.

Kufunga kifua kulikuwa ni kushona, na kushona ndiyo kazi yangu. Nilichukua kitambaa cha mwisho cha marekani nilichokuwa nacho, nikapima, nikakata, nikatia kamba mbele. Akisimama kiko sawa, akikaa kinapanda makwapani. Nikafumua. Nikakipunguza juu, kikashuka tumboni. Nikafumua. Balozi alikuja akakuta baba mdogo amesimama katikati ya chumba mikono pembeni, mimi nina pini mdomoni.

"Anaolewa lini?" akauliza.

"Ukipata mahari," baba mdogo akajibu.

"Mahari nitaleta sukari. Aa, nimesahau, sukari hakuna, na wewe huruhusiwi. Nchi nzima wewe peke yako ndiye uliyekubaliana na duka la ushirika."

Balozi alipoondoka, baba mdogo akaniambia, "Nenda Kisarawe kamwite dada yangu."

"Wa nini?"

"Kufunga mkaja ni kazi yake. Amefunga wanawake wangapi? Haupandi makwapani ule."

"Daktari amesema—"

"Daktari amesema nifungwe. Hakutaja wa kunifunga."

Nikasema nikimaliza hiki nilichokianza nitakwenda. Nikakimaliza kimoja nikaanza kingine. Alijua ninachofanya, na hakurudia. Nilikuwa nimeiona kazi ya shangazi tangu utotoni, namna anavyoanzia chini na kupandisha, kila mzunguko ukilalia nusu ya ule wa kwanza, lakini nilitaka mfupa ule ukiunga, uwe umeungia ndani ya mshono wangu. Mwishowe nikatia mikanda miwili ya mabegani, kama fulana isiyo na mikono, na kwa mbele nikapachika kitambaa kilichokunjwa mara kadhaa pale palipokuwa panacheza. Kikakaa. Hakikupanda wala kushuka. Nilikaa chini nikakitazama, nikaona mshono wa bega la kulia umepinda kidogo. Sikuufumua. Nilikuwa naogopa kumvua.

Zikafuata siku za kungoja, ambazo hazina hadithi. Sehemu ya chini ya kovu ilitoa majimaji ya rangi ya chai nyepesi. Nilinusa kila kitambaa kabla ya kukichemsha, kwa kuwa kitabu kilisema usaha hujulikana kwa harufu kabla ya kujulikana kwa macho. Alikula mchicha, kunde na kipande cha muhogo kisichotosha hata kuku, akalalamika kila siku kwa maneno mapya. Akikohoa, mimi cherehanini nilikuwa nasimamisha gurudumu kwa mkono na kusikiliza. Mwanzoni nilisikia. Baadaye nikawa sina hakika. Hapo ndipo nilipoteseka zaidi, kwa sababu mtu wa wasiwasi huweza kusikia na kisichokuwapo.

Majimaji yakapungua, yakakauka. Ngozi iliyoungua ikachubuka na kuacha baka jeupe lenye umbo la kiganja.

Siku tuliyorudi kwa daktari nilitaka kumweleza yote, akanyanyua mkono. "Ngoja nimsikie yeye." Akaweka viganja. Akamkohoza. Akamwambia anyanyue mikono juu, kwanza mmoja, halafu wote. Nilikuwa sijamwona baba mdogo akinyanyua mikono tangu arudi.

"Juu umeunga," daktari akasema. "Chini umeshika kwa utando mgumu, siyo mfupa kwa mfupa. Hauchezi. Hatutamfungua."

"Kwa hiyo haujaunga sawasawa," nikasema.

"Umeunga wa kutosha."

"Na ule utando, baadaye utageuka mfupa?"

"Huenda. Huenda ukabaki hivyo hivyo mpaka azikwe na miaka yake tisini."

Sikuridhika. Nilimwona baba mdogo akifunga vifungo vya shati lake mwenyewe, amefurahi waziwazi, na mimi nimekaa pale nafikiria kipande kidogo cha chini ambacho hakikuwa kama kitabu kinavyosema. Kama lingekuwa gauni ningelifumua. Nje kwenye ngazi akasimama, akavuta pumzi mpaka mwisho, akaitoa.

"Sasa," akasema, "basi la Kisarawe linapita wapi?"

Nilimpandisha kwenye gari la kurudi Kibaha pamoja na jirani tuliyemkuta hospitali, mimi nikachukua basi la Kisarawe kupitia Pugu, kwenda kumwita dada yake. Nilimkuta shangazi uani kwake anamenya mihogo. Nikamwamkia, akaitikia bila kuinua uso. Nikakaa kwenye kinu kilicholazwa.

"Tumetoka kwa daktari," nikasema. "Mfupa umeshika."

Kisu kikasimama. "Wote?"

Nilitaka kumweleza habari ya utando. Nilikuwa na maneno yake yote tayari. "Wote," nikasema. Halafu sikuweza kuishia hapo. "Chini kidogo ni utando, lakini hauchezi. Daktari amesema inatosha."

"Na ngozi?"

"Imepona. Imebaki alama."

"Ya mkono wangu."

"Ndiyo."

Akamenya muhogo mmoja mpaka mwisho, akautia majini.

"Anasikia pale? Akiguswa?"

"Bado. Daktari anasema huenda asisikie tena."

"Basi hata nikimzaba kibao hatajua," shangazi akasema, na mabega yakaanza kumtikisika, nikadhani analia, kumbe anacheka, halafu akawa anafanya yote mawili na kujifuta kwa upande wa mkono wenye utomvu wa muhogo. Mimi nilibaki nimekaa. Sikujua nimshike au nisimshike. Aliponyamaza, akaniuliza nani alikuwa akimfunga kifua muda wote huo.

"Mimi."

"Kwa nini hukuja kuniita?"

Ningeweza kusema mabasi, au mafuta, au kazi za watu. Nikasema, "Nilitaka niwe mimi peke yangu."

Shangazi hakuonekana kushangaa wala kukasirika.

"Nisaidie hiyo mingine," akasema, akinionyesha mihogo iliyobaki. "Tukimaliza tunaondoka. Na huko nyumbani, hicho ulichomshonea, nataka nikione."

Nikachukua kisu cha pili nikaanza kumenya. Akaniambia naondoa nyama nyingi mno pamoja na ganda.